Elfu Nane na Mia Tatu

Tulizihesabu mara mbili kwenye stoo ya kinu cha unga, Nyalenda,
juu ya gunia ambalo Ogweno hulikalia akipiga ngoma:
elfu nane na mia tatu,
na noti ya hamsini iliyokatika pembe
ambayo kila mmoja aliapa si yake.
Fedha za matanga mawili ya Ahero
na harusi moja ya Maseno, ambako bwana harusi alilipa nusu
na nusu nyingine akaiita shukrani.

Jumapili, Kibuye.
Redio zilizopasuliwa matumbo, pasi zisizo na waya,
na Nabwera kibandani, kalamu sikioni kama karani.

Ya kwanza: wati mia,
ndefu kama kabati la vyombo.
Ogweno aliipenda kabla haijawashwa.
"Hii, hata tukipiga hapa, Ahero watacheza."
Nikachomeka waya, nikagusa uzi mmoja.
Soko likageuka.
Kuku wakageuka.
Muuza mitumba akaniomba, kwa heshima, nimwache apumue.
Sikuhisi nimepiga gitaa; nilihisi nimevunja kitu cha watu.
Nikaiwaza stoo yetu, futi kumi kwa kumi na mbili, mabati juu,
na sauti ya Akeyo, ambayo haipendi kugombana.
Debe tupu haliachi kuvuma, sawa,
lakini hata lililojaa,
ukilipigia sikioni ni kelele tu.

Ya pili ilikuwa mpya, bado ina nailoni.
Ndani yake milio hamsini:
mwangwi wa pango, mwangwi wa kanisa,
gitaa linalolia, gitaa linalokwaruza.
Otiato wa besi alizungusha na kuzungusha
hadi akasahau tulichofuata.
Mimi nilitaka mlio mmoja, ule mkavu,
nyuzi mbili zikifukuzana kama watoto uani.
Labda ulikuwemo, namba thelathini na saba.
Harusi gani itasubiri namba thelathini na saba?

Ya tatu haikuwa mezani.
Ilikuwa chini, ikizuia mlango usijifunge.
Wati thelathini. Spika moja,
karatasi yake imezibwa kwa gundi na kipande cha pazia.
Kishikio, mkanda wa gari.
Nyuma, kwa rangi ya kucha: MALI YA KANISA USIIBE.
"Iliibwa?"
"Iliuzwa," Nabwera akasema. "Walipata kinanda."

Nikapiga. Hakuna aliyegeuka.
Ila mama mmoja aliyekuwa akipima omena kwa mkebe,
macho yake kwenye omena,
kidole gumba cha mguu
kikaanza kuinuka na kushuka ndani ya sandali.
Nikaharakisha, kikaharakisha.
Nikanyamaza ghafla:
mkebe ukabaki hewani.

"Ngapi?"
"Elfu tisa na nusu."
"Kwa kitu kinachozuia mlango?"
"Mlango mwenyewe utafunga na nini?"
Tulifika mwisho wa pesa kabla ya mwisho wa maneno.
"Basi na hiyo hamsini," akasema,
akaitia mfukoni,
mtu wa kwanza kuikubali.

Hatukubakisha nauli. Tuliibeba kwa zamu hadi Nyalenda,
mkanda ukitukata vidole,
Ogweno akinung'unika kila hatua ya zamu yake
na kukataa kuikatisha.

Usiku ikaanza kuvuma.
Stima imeshuka, kila nyumba imewasha chake,
nayo ikatoa mlio mnene, kama nyuki walionaswa ukutani.
"Tuirudishe," Ogweno akasema.
Otiato hakujibu. Alikuwa ameinama kwenye besi,
akiutafuta mlio ule kwa kidole kimoja,
juu kidogo, chini kidogo,
mpaka ukapotea ndani ya uzi wake.
"Ni so," akasema. "So iliyokazwa kidogo."

Tukakaza nyuzi zote, kidogo.
Akeyo akasafisha koo.